Nani ataliosha? Maneno juu ya chujio la bwawa la nyuma ya nyumba

Maneno haya tuliyasema mbele ya memba na wafadhili kwenye mkutano wa asosiasyo hapa Baraka, kabla ya mvua kuanza. Komite imeomba yaandikwe kwa ajili ya wale ambao hawakufika.



Tumepewa nusu saa, na kwa sababu harufu ya wali imeshaanza kufika hapa, tutajaribu kutoipita. Kwenye meza ya komite kuna karatasi ya kusaini. Ni orodha ya familia zitakazopewa chujio la bwawa la samaki, filtri kama tunavyozoea kusema huku, lile la kiboksi cheusi lenye sponji na taa ndani. Sisi watu wa tereni tunaomba msiisaini leo. Tutasema kwa nini, na lawama ya kwanza iko juu yetu wenyewe.

Miaka miwili nyuma tuligawa machujio ya namna hiyo hiyo kwa familia chache. Wengi wenu mnaikumbuka ile siku, watu walipiga makofi maji yalipoanza kuruka. Picha zilipigwa zikaenda kwenye ripoti. Ripoti tuliiandika sisi. Tuliandika kwamba mabwawa yanafanya kazi vizuri, na siku ile yalikuwa yanafanya kazi vizuri kweli. Tulichosahau kuandika ni nani ataliosha chujio, kwa maji gani, na akikosa kifaa atakipata wapi.

Mama mmoja kati yetu ametupa ruhusa kusema habari yake bila kutaja jina, hata kama wote mnamjua na yeye mwenyewe anacheka pale. Alirudi na meli kutoka Kigoma baada ya miaka mingi katika kambi ya Lugufu, akakuta shamba la marehemu mume wake lina watu wengine ndani, na kesi mpaka leo haijaisha. Alichobaki nacho ni parseli. Nyuma ya nyumba, kati ya jiko na migomba, akachimba bwawa la mita nne kwa tatu, kina sentimita 80, akatandika bashi. Ukipiga hesabu ni lita 9.600 za maji. Bwawa kama lile bila mashine yoyote linabeba tilapia 24 hivi, yaani wawili kwa kila mita moja ya mraba. Sisi tukamwambia: mama, sasa una chujio, weka 150. Pesa ya vifaranga na ya chakula alikopa kwenye kasha la kijani la MUSO yetu.

Mwezi wa kwanza maji yalikuwa mazuri. Mwezi wa pili pumba za mpunga zikaziba sponji. Kiboksi kinafungwa kwa klipu ngumu, akakifungua kwa kisu, klipu moja ikavunjika. Sponji akaiosha kwa sabuni na brashi, kama mtu mwenye usafi anavyoosha kitu kichafu, akaisuuza kwa maji ya bonfonteni. Hakuna aliyemwambia asifanye hivyo. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza na Kichina. Maji yalipoanza kuvuja pembeni alifunga kwa mpira wa baiskeli, na ule mpira ulisaidia wiki tatu, zaidi ya sisi. Halafu mawingu ya Novemba yakaja, betri ya sola ikawa inakufa saa nne ya usiku.

Asubuhi moja kabla ya jua alitupigia simu. Alisema maneno mawili tu: "Wanavuta hewa." Tulipofika, samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wengine wameshageuka tumbo. Kufika saa tatu zaidi ya nusu walikuwa wamekufa. Deni la kasha la kijani lilibaki pale pale. Kasha jekundu ndilo lililomsaidia chakula cha watoto mwezi ule, maana yake ni ninyi mliomsaidia.

Tangu siku hiyo tumelazimika kujifunza upya kitu tulichodhani tunakijua.

Chujio lina kazi mbili. Ya kwanza inaonekana kwa macho: kushika uchafu mzito, mavi ya samaki, chakula kilichobaki, majani. Ya pili haionekani. Samaki anatoa amonia, sehemu kubwa inapitia kwenye matamvua yake, na ile amonia ikiwa nyingi ni sumu kwake. Juu ya sponji, juu ya mawe, juu ya kitu chochote ambacho maji yanakipitia, vinaota vijidudu. Vya kwanza vinaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni mbaya. Vya pili vinaigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaivumilia, mboga zinaipenda. Vijidudu hivi vinahitaji wiki kadhaa ili viwe vya kutosha, na vinahitaji hewa kama sisi. Ule ute wa kahawia unaoteleza, ambao mama alikuwa anaukwangua kwa brashi, ndio chujio lenyewe. Sponji ni nyumba tu.

Ndiyo maana sabuni ni marufuku. Maji ya klori pia. Huku kwetu kipindupindu hakituachi, maji yanatiwa klori pale pale yanapochotwa, na hilo liendelee, hatumwambii mtu anywe maji bila dawa. Lakini klori ile inaua vijidudu vya chujio, na samaki inamchoma. Maji ya bonfonteni yakae kwanza kwenye beseni wazi, nje, siku nzima mchana na usiku, ndiyo yaingie bwawani. Chujio lioshwe kwa maji ya bwawa lenyewe, kwenye beseni, basi.

Sasa kuna wenzetu waliokaa pale mbele wakitusikiliza kwa hofu, na hawahitaji chujio hata kidogo. Wewe mwenye bwawa la udongo karibu na Mutambala, mwenye mfereji wa maji yako, maji yako ni ya kijani na unaona aibu wageni wakija. Usione aibu. Ule ukijani ni chakula cha tilapia. Ingiza mkono ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, kiganja kikiwa wazi. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwiko, bwawa liko sawa. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, umezidisha mbolea au chakula, acha kulisha siku mbili tatu na uingize maji mapya. Hicho ndicho kipimo, na hakina betri. Kiboksi cheusi kilitengenezwa kwa mabwawa ya maua, kwa watu wanaotaka kuwaona samaki wao. Taa iliyo ndani yake kazi yake ni kuua ukijani, na inatakiwa kubadilishwa kila mwaka hivi hata kama bado inawaka. Sisi samaki wetu tunataka kuwala.

Mwenye mfereji anachohitaji ni kuzuia udongo na samaki wa porini. Chimba shimo la kutulia kabla ya bwawa, pana kama mita moja, maji yaingie upande huu yatokee upande wa pili polepole, udongo uanguke chini. Mahali pa kuingilia weka kikapu cha mianzi kilichosukwa kwa karibu. Mvua kubwa ikifanya mto kuwa rangi ya chai ya maziwa, funga mfereji kabisa mpaka maji yatulie. Shimo litolewe udongo kwa jembe, na huo udongo ni mzuri kwa bustani.

Tena tunaomba sana kwa jambo moja hapa. Tumeona vyandarua kwenye midomo ya mifereji. Chandarua cha kugawiwa kina dawa ya mbu, na dawa ya aina ile ni sumu kali kwa samaki, kali kuliko ilivyo kwetu sisi tunaolala chini yake. Mtu anaweka chandarua kipya kulinda vifaranga, na chandarua ndicho kinachowaua. Tena mtoto amebaki na mbu. Kirudi kitandani.

Tunabaki na wenye bwawa la bashi au la simenti ndani ya parseli, bila maji ya kutiririka. Hawa ndio wenye shida ya kweli, na shida yao ina jina: bidoni. Bwawa la yule mama, ukitaka kubadilisha maji sehemu moja tu ya kumi, ni lita 960. Ni bidoni 48 za lita 20, juu ya kichwa, kutoka bonfonteni, na foleni mnaijua. Chujio zuri kwa mtu kama huyo si lile linalomruhusu kujaza samaki. Ni lile linalompunguzia bidoni. Sisi tulilichanganya jambo hilo, ndipo tukafika kwenye 150.

Kwa hiyo tulijaribu vingine. Mchanga kwanza: ulisafisha maji vizuri ajabu na ukaziba baada ya siku chache. Halafu changarawe ya mto ndani ya pipa la lita 200. Hiyo inafanya kazi, hatutasema uongo, vijidudu vinaipenda. Lakini pipa la lita 200 likijaa changarawe linapita kilo 300. Kuliosha kulihitaji vijana wawili wenye nguvu, na vijana wawili wenye nguvu walienda Misisi kutafuta dhahabu. Changarawe haikuoshwa miezi minne. Tulipofungua, harufu ilikuwa ya yai bovu na chini palikuwa na tope jeusi.

Aliyetutoa hapo ni mzee mmoja mvuvi. Alikuwa anatuangalia tukikoroga lile tope, akauliza: "Na nyavu je?" Tukamuuliza nyavu gani. Akasema: "Nyavu zilizokufa. Ziko pwani pale, hakuna mtu anazitaka. Hazina uzito, hazioozi, na uchafu unazishika mpaka unachoka kuzikung'uta. Mimi nimezikung'uta maisha yangu yote." Tuliona haya kidogo, kwa sababu sisi tumesoma na tunapita pwani ile kila siku.

Pipa lake liko hivi. Ni pipa la plastiki, na lazima ujue lilibeba nini: lililobeba dawa ya shamba au mafuta ya gari halifai, hata ukilisugua mwaka mzima. Chini kabisa kuna robine kubwa, si ile ndogo ya kunawia mikono, kwa sababu tope linaziba robine ndogo. Maji machafu yanaingia kwa tiyo inayoshuka mpaka karibu na sakafu ya pipa. Theluthi ya chini imeachwa tupu, ndipo uchafu mzito unapotulia. Juu ya hapo kuna kitanda cha mianzi, na juu ya mianzi mifuko mitatu ya kitunguu, ile yenye matundu, iliyojazwa vipande vya nyavu kuukuu bila kushindiliwa. Maji yanapanda kupitia kwenye nyavu, yanatokea kwa tundu la juu na kuanguka bwawani kutoka kimo cha mkono. Kule kuanguka kunaingiza hewa. Kiko pia kitobo kingine juu zaidi ya lile tundu. Maji yakianza kutokea pale, hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba mifuko imeziba.

Asiye na nyavu atumie vifuniko vya chupa vya plastiki vilivyotobolewa. Vinachukua muda kukusanya.

Kuosha: kila wiki unafungua robine mpaka maji yatoke meupe, lile tope linakwenda kwenye migomba au lengalenga. Kila mwezi unatoa mfuko mmoja, mmoja tu kati ya mitatu, unaukung'uta kwenye beseni la maji ya bwawa, unaurudisha. Mwezi unaofuata mfuko wa pili. Usiioshe mitatu siku moja, hata kama una nguvu na mgeni anakuja, kwa sababu utakuwa umefukuza wafanyakazi wote pamoja. Yule mama anaifanya kazi hii peke yake, bila funguo, bila kisu, sufuria ikiwa jikoni. Tumemuona.

Kuna udhaifu na hatutauficha mbele ya wafadhili. Pipa linahitaji pompa ya kusukuma maji, na pompa ya sola isiyo na betri inalala jua likilala. Usiku maji yanasimama. Na ni alfajiri ndipo hewa ndani ya bwawa inakuwa kidogo kuliko saa zote, kwa sababu ule ukijani unaotoa hewa mchana unaivuta usiku. Kwa hiyo samaki wahesabiwe kwa usiku. Jiulize bwawa lako linabeba wangapi pompa ikiwa imekufa, weka hao, usiongeze. Anayetaka wengi zaidi afuge kambale, yeye anapanda juu kupumua hewa yetu hii na anavumilia maji ambayo tilapia angekufa. Na pompa ikisimama kutwa nzima kwa mawingu au kwa kuharibika, vijidudu vinakosa hewa, maji ndani ya pipa yanageuka meusi. Kabla ya kuiwasha tena fungua robine, mwaga yote kwenye migomba. Ukiiwasha hivi hivi unawanywesha samaki sumu uliyoiweka akiba.

Pompa yenyewe iwekwe ndani ya kikapu ili isimeze pumba. Hilo tulilijua baada ya kuua mbili.

Sasa tuseme na ninyi rafiki wafadhili. Tunajua bajeti imeshaandikwa na neno chujio limo ndani na bei yake. Bei ya kiboksi kimoja ingetutengenezea mapipa kadhaa, lakini hatuombi mapipa mengi. Tunaomba ule mstari ugeuzwe uwe pompa, na pompa moja ya akiba kwa kila familia tano, robine zinazouzwa hapa Baraka au Uvira, na pesa ya mtu wa kupita kila mwezi kwa mwaka mzima kuangalia nani ameosha na nani ameshindwa. Mtu huyo awe mmoja wa mama hawa, alipwe, si kujitolea. Pipa la bluu lenye nyavu kuukuu halipendezi kwenye picha, hilo tunalikubali. Tutawatumia picha ya sahani ya samaki.

Na kwenu memba, neno gumu kidogo. Tunapendekeza kasha la kijani lisimkopeshe mtu pesa ya vifaranga wengi mpaka pipa lake liwe limefanya kazi miezi miwili na samaki wachache, na yeye ameliosha mwenyewe mbele ya komite angalau mara mbili. Wengine watasema tunawachelewesha maskini. Tulimharakisha mmoja, na deni lake limemalizika mwezi uliopita tu, akilipa kwa kuuza mandazi. Komite ipige kura, sisi hatuna sauti kwenye kasha lenu.

Mama mwenyewe leo ana kambale 40 kwenye bwawa lile lile. Bashi imezibwa viraka sehemu mbili. Kiboksi cheusi bado anacho. Kiko chini ya kitanda cha vyombo, amekiwekea chumvi ndani kwa sababu kinafunga vizuri upande ambao klipu haikuvunjika.

Jumamosi hii, saa tatu ya asubuhi, tutakutana kwenye parseli yake. Atafungua robine, atatoa mfuko wa pili na kuuosha, ninyi mkiangalia. Mwenye nyavu zilizokufa azilete, zioshwe kwanza mafuta ya injini yatoke. Mwenye pipa aje aseme lilibeba nini kabla ya kulitoboa. Watoto wadogo waachwe nyumbani au washikwe mkono, bwawa halina uzio bado. Yeye ndiye atakayefundisha. Sisi tutabeba maji.